Weupe Katikati ya Kipindi

Mwalimu Barasa alifariki mwezi uliopita, na kabla ya safari ya kumpeleka Bungoma kuzikwa, ibada ya kumkumbuka ilifanyika Kaloleni, katika ukumbi wa mtaa. Nilifika mapema, nikaketi safu ya kati, nikasikiliza. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Kwaya ya akina mama ikaimba. Mtu mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, sasa ana kitambi na simu mbili, alisimama akasema kwamba Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusema "kiatu changu" badala ya "kiatu yangu". Ukumbi ukacheka kidogo. Alitaka kuendelea, akashindwa, akaketi. Mimi niliyatazama haya yote kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirisha: picha zipo, sauti haifiki. Hivyo ndivyo nilivyo nikifiwa. Wengine hulia, wengine huanguka. Mimi hufa ganzi. Naijua ganzi hiyo kwa sababu tuliishi pamoja mwaka mzima, mwaka wangu wa kwanza kazini, na aliyenionyesha kwamba ninayo ni huyu huyu aliyekuwa amelala ndani ya sanduku mbele yetu.

Ulikuwa mwaka ule wa kwanza elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure, na shule yetu ya Jericho ilikuwa imefurika. Watoto walikaa wanne kwenye dawati la wawili, wengine juu ya mifuko yao sakafuni. Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepangiwa kufundisha Kiswahili darasa la sita, nikigawana vipindi na Mwalimu Barasa ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa darasa. Watu wakinihurumia kwa sababu ya umati ule, niliitikia kwa adabu. Ukweli ni kwamba umati haukunisumbua. Hakuna kilichonisumbua. Dada yangu Njeri alikuwa amefariki Januari, wiki chache kabla sijaripoti, kwa ugonjwa wa kifua uliompeleka haraka, na tangu tuliporudi kutoka mazikoni nilikuwa nikiamka, naoga, navaa, naenda kazini, narudi, kama mtu anayefuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Tulikuwa tukiishi Baba Dogo, mimi na Njeri, kwenye chumba kimoja chenye vitanda viwili, stovu ya mafuta taa, na kamba ya nguo iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye alifanya kazi ya kufunga sabuni kiwandani, na ovaroli yake ya bluu ilibaki ikining'inia nyuma ya mlango ikinukia limau la kutengenezwa. Sikuitoa. Sikukitandua kitanda chake. Si kwamba nilikuwa nikimsubiri, wala si kwamba nilitaka kumkumbuka. Sikupata tu sababu ya kuinua mkono. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa mabati yaliyopigiliwa maboksi, na jioni moja nikila ugali na sukuma wiki nilimsikia Mama Kamau akimwambia mtu, "Huyo msichana halii. Tangu wazike. Hata siku moja." Yule mwingine akauliza kama labda nalilia kazini. "Kazini gani? Nakuambia hata macho hayajavimba." Nilitafuna nikifikiria kwamba sukuma haina chumvi. Nikainuka nikatia chumvi, nikaonja, bado. Nikatia tena. Asubuhi nilipopasha kiporo mdomo uliwaka, nikakimwaga kwenye mtaro.

Chumba cha walimu kilikuwa kirefu na chembamba, na meza moja katikati iliyojaa vitabu vya kusahihishwa. Chai ililetwa kwa birika kubwa la bati, tayari imetiwa maziwa na sukari, na walimu waliizunguka wakilalamika juu ya mshahara, mvua, na watoto wanaosema Sheng mpaka kwenye insha. Barasa alikuwa mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama mbele kidogo na sauti kubwa, hata mnapokuwa wawili tu. Walimu walimheshimu na kumkwepa kwa wakati mmoja, kwa sababu ya michoro yake.

Alikuwa na mtindo wa kukuomba ruhusa, kisha kuketi nyuma ya darasa lako na kipande kirefu cha karatasi ya manila alichokipiga vijumba vidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kijumba kilikuwa kipande kifupi cha kipindi chako. Mwalimu akiwa anasema, anakipaka rangi ya bluu. Mwanafunzi mmoja akisema, nyekundu. Darasa zima likiitikia kwa pamoja, kijani. Pakiwa kimya, anakiacha cheupe. Chini ya vijumba alichora ramani ya madawati, na kila swali lilikuwa mstari kutoka kwa mwalimu hadi dawati fulani, na jibu likipokelewa, mstari wa kurudi. Alifundishwa hayo na mhadhiri mmoja kwenye mafunzo ya likizo, zamani, na hakuwahi kuyaacha. "Mwalimu hawezi kujisikia akisema," alikuwa akituambia. "Kipindi kikiisha kimeisha, kimeenda na upepo. Ukikiona kwenye karatasi, hapo ndipo unaweza kukiuliza maswali." Alikuwa na sharti moja: mchoro ni mali ya mwenye kipindi. Alikuwa akiukunja na kukukabidhi, na haukuzungumzwa tena mpaka wewe mwenyewe uuzungumzie.

Hata hivyo hawakumwamini. Nilisikia maneno nikiwa nasahihisha madaftari, kwa kuwa mtu asiyesema sana husahaulika chumbani. "Anatuchora ili atupeleke ofisini," alisema mmoja. Mwalimu wa hisabati, Bwana Mutiso, alipiga meza. "Mimi sichorwi. Mimi ni shamba la kupimwa?" Wakacheka. Barasa alikuwa ameketi hapo hapo, upande wa pili wa birika, anakunywa chai yake, na hakugeuka. Tulidhani amewapuuza kwa heshima zake.

Mimi nilipoombwa nilikubali, kama nilivyokubali kila kitu mwaka ule. Ilikuwa mwezi wa Mei. Nilifundisha ufahamu, habari ya wafuga nyuki, watoto wakasoma kwa zamu na mimi nikauliza maswali ya kitabuni. Kipindi kilipoisha niliona kilikuwa kama vingine. Watoto walipokwenda nyumbani Barasa aliniita darasani, akautandaza mchoro juu ya madawati mawili.

"Kaa, Madam Wairimu. Tazama kwanza. Usiniulize."

Nilitazama. Bluu nyingi, jinsi nilivyotarajia. Nyekundu kidogo, kijani hapa na pale. Kisha vijumba vyeupe, safu ndefu, halafu rangi tena, halafu weupe tena. Ulikuwa kama ukuta uliobambuka plasta.

"Mwalimu, hapa kalamu ziliisha?" nilimuuliza.

"Kalamu hazikuisha."

"Sasa hapa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu. Ulisimama karibu na ubao na chaki mkononi, ukatazama ule ukuta wa nyuma."

"Mimi?"

"Wewe."

"Muda wote huu?"

"Muda wote huo. Na hapa. Na hapa." Alikuwa akigusa karatasi polepole. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa darasani."

"Darasani ulikuwa, nilikuona. Nakuuliza ulikuwa wapi."

Nilijaribu kukumbuka. Nilitafuta mahali hapo ndani ya kichwa changu, kati ya swali la pili na la tatu, na hapakuwa na kitu. Sikuwa nimemfikiria Njeri, sikuwa nimefikiria lolote. "Sijui," nikasema. Nikaona kwamba kila safu nyeupe ilimalizika kwa kijumba kimoja chekundu, nikauliza hivyo ni vya nini.

"Hao ni watoto," alisema. "Wa kwanza alikohoa. Wa pili akasema, 'Madam, tuendelee kusoma?' Wa tatu akaangusha rula. Nilidhani rula imeanguka tu. Lakini nilikuwa nyuma yao, nikamwona akimtazama mwenzake, mwenzake akatikisa kichwa, ndipo akaiachilia. Kila mara ni mtoto mwingine. Madam, hawa wamepangiana zamu ya kukuamsha."

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo nililia. Sikulia. Nilikunja karatasi, nikasema asante, nikainuka. Nilipofika mlangoni nikageuka nikasema, kwa sauti ile ile ambayo ningemwambia kwamba chaki zimeisha, "Dada yangu amefariki."

"Lini?"

"Januari."

"Na hapa shuleni anajua nani?"

"Hakuna."

Alivua miwani akaiweka juu ya dawati. Nilisubiri aniambie pole, ambayo ningejua jinsi ya kuijibu. Badala yake akasema, "Jumamosi uje nyumbani ule."

Nyumba yake haikuwa mbali na soko la Jericho, nyumba ya zamani ya baraza la jiji, sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang'aa, viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, redio ikinguruma kiasi cha kusikika hadi barabarani. Mkewe, Mama Nafula, alikuwa mfupi, mwepesi, na alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili bila kuniuliza lolote. Alikuwa amepika kuku kwa ugali wa wimbi na mrenda. Nikiwa nimeketi niliwasikia wakibishana jikoni, yeye kwa sauti ya chini, mumewe kwa sauti ya kuhutubia mkutano.

"Firigisi nampa mgeni," alisema Mama Nafula.

"Firigisi ni ya baba."

"Leo ni ya mgeni."

"Mwanamke?"

"Ni mwalimu."

"Haya, mpe."

Ililetwa kwenye kisahani, peke yake, na wote wawili wakanitazama. Niliila. Nilijua kabisa heshima niliyopewa, ningeweza kuieleza darasani kwa mifano, lakini ndani ya mdomo ilikuwa kitu kigumu tu cha kutafunwa. Nikasema ni tamu sana. Mama Nafula alinitazama kwa muda, akaniongezea mchuzi, akasema, "Itakuja kuwa tamu. Wewe kula tu." Nilikwenda kule Jumamosi nyingi baada ya hapo. Hawakunizungumzia Njeri ila nikianza mimi, na mimi nilianza mara chache.

Muhula wa tatu Barasa aliniita tena. Kituo cha walimu cha eneo letu kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa Kiswahili, mtu wa kuzunguka shule zote akiwasaidia walimu wapya, na mwalimu mkuu wetu alikuwa amepeleka jina la Barasa. Hiyo ndiyo kazi aliyoitamani tangu nimjue. Wageni kutoka kituoni wangekuja kumtazama akifundisha. "Nimewachora wengine miaka yote," aliniambia. "Mimi mwenyewe hakuna aliyenichora. Keti nyuma, unichore kabla hawajaja." Akanipa kalamu zake za rangi kwenye kikopo chao.

Alifundisha ngeli, na alifundisha vizuri. Alikuwa na kiatu mkononi, anakizungushazungusha, na watoto wakipiga kelele za kujibu. Mimi nilipaka na kuchora. Kipindi kilipoisha nikatazama ramani ya madawati nikadhani nimekosea. Upande wa ukuta, kuliani kwake anapolielekea darasa, mistari ilikuwa imesongamana kama nyuzi za mkeka. Upande wa dirisha, kushotoni kwake, palikuwa karibu patupu. Nyekundu zilikuwepo, maana nilikuwa nimewasikia wale watoto wakijibu, wengine majibu sahihi. Ila hazikuwa na mstari wa kurudi. Mtoto amejibu, mwalimu ameendelea kuuliza swali lile lile upande wa pili. Sikumwambia. Nikamwomba nichore kipindi kingine, kesho yake, na ramani ikatoka vile vile.

Kulikuwa na mistari michache iliyofika dirishani, na hiyo ndiyo iliyonishughulisha. Nilikuwa na mazoea, kwa agizo lake mwenyewe, ya kuandika pembeni mwalimu amesimama wapi. Nikaifuatilia mmoja mmoja. Yote, bila kuacha hata mmoja, ilitokea alipokuwa akiandika ubaoni, amelipa darasa mgongo. Akielekea ubao, sikio lake la kulia ndilo lililokuwa upande wa dirisha.

Siku hiyo hiyo wakati wa mapumziko nilikuwa nimesimama nje ya darasa, chini ya dirisha, na ndani wasichana wawili walikuwa wakigombania nafasi. "Hama huku ukutani kama unataka kujibu," mmoja alisema. "Huko Mwalimu hakusikii." Mwingine akacheka. "Si ndiyo nataka hivyo? Homuwaki sijamaliza, manze. Mi nabaki huku, huku hauulizwi." Walisema jinsi mtu anavyosema upande fulani una jua na upande mwingine una kivuli.

Nilimpelekea mchoro jioni, darasani, watoto wakiwa wameondoka. Ningepaswa kuogopa. Alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yangu, na nilikuwa nimebeba mkononi kitu ambacho kingemnyima kazi aliyoitaka. Lakini ganzi ilikuwa na faida yake hiyo moja: woga haukufika. Nikautandaza. "Tazama kwanza, Mwalimu," nikasema.

Alitazama kwa muda mrefu. "Umekosea."

"Nimechora vipindi viwili. Vimefanana."

"Watoto wa dirishani ni wavivu."

"Wamejibu. Hii nyekundu hapa ni jibu. Na hii. Na hii. Hukuwarudia."

"Na hii mistari michache?"

"Hapo ulikuwa unaandika ubaoni," nilisema kwa sauti ya chini, nimehamia upande wake mwingine ili niiguse. "Sikio la kulia lilikuwa dirishani."

Hakujibu, na hakuinua kichwa. Nikatambua kwamba nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Nikazunguka dawati, nikasimama kulia, nikayasema maneno yale yale tena. Safari hii alifumba macho. Kisha aliukunja mchoro, akautia kwapani. "Asante, Madam," akasema, akatoka.

Siku zilizofuata hakuketi nasi mezani. Alichukua chai yake akainywa amesimama barazani. Nilipomsalimia aliitikia, basi. Jumamosi sikwenda Jericho. Nilibaki Baba Dogo, nikaketi kitandani kwangu nikikitazama kitanda kile kingine, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikapata wazo lililokuwa na uzito wowote: kwamba nimempoteza na huyu pia, na kwamba hata hilo sikuwa nalihisi ila kwa mbali, kama maumivu ya jino lililochomwa sindano.

Wiki ile iliyofuata niliingia chumba cha walimu nikawakuta wamesimama wamekusanyika ukutani. Mchoro ulikuwa umebandikwa pale, juu ya ratiba ya zamu, na Barasa alikuwa kando yake na kikombe mkononi.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Bwana Mutiso.

"Yangu."

"Kwani upande huu hakuna watoto?"

"Wapo. Mimi ndiye sikuwa nawasikia." Akagusa sikio lake la kushoto kama mtu anayekuonyesha kifungo kilichong'oka. "Nilikwenda hospitali jana. Wakanivisha vidude vyao masikioni, wakanipigia milio. Hili limekufa. Wanasema kitambo sana."

Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyekuwa amefuata kelele kutoka ofisini kwake, alisoma mchoro wote kabla ya kufungua mdomo. "Mwalimu, ungekuja ukaniambia ofisini."

"Ningekuambia ofisini, ingebaki ofisini," alisema Barasa. "Na hawa wangeendelea kusema michoro yangu ni ya kuwachongea watu. Sasa wa kwanza kuchongewa ni mimi." Akanywa chai yake. Kisha akaja, akaketi mezani karibu nami, akanisogezea sahani ya mandazi bila kunitazama.

Kipindi chake kilichofuata nilikuwa nyuma ya darasa. Alisimama mbele, akaweka kitabu chini. "Nina jambo la kuwaambia," akaanza. "Sikio langu hili halisikii."

"Tunajua, Mwalimu!" darasa zima likaitikia, kwa furaha, kama wanavyoitikia salamu.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu darasa la nne!"

"Na kwa nini hamkuniambia?"

Wakatazamana. Msichana mmoja wa upande wa dirisha alisimama kujibu, akakumbuka, akainua mkono juu na kuupunga ili Mwalimu amwone. "Tulidhani unajua, Mwalimu," alisema.

Hapo nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na nilisahau kupaka.

Waligeuza madawati, wakayapanga nusu duara, na yeye akawa anatembea ndani yake badala ya kusimama mahali pamoja. Wageni walikuja, wakaketi, wakaandika mambo yao, wakamsifu. Kazi ya mkufunzi akapewa mtu wa shule nyingine. Barua haikutaja sikio, na hakuna aliyehitaji itaje. Kwa wiki kadhaa kulikuwa na minong'ono kwamba kamati ya wazazi inataka apelekwe stoo ya vitabu hadi astaafu. Mwalimu mkuu alikataa, nasikia kwa maneno makali kuliko tuliyodhani anayo. Barasa alibaki darasani mpaka mwisho wa utumishi wake. Sikuwahi kumsikia akilalamika, ila siku moja, tukipanga vitabu kabatini, alisema, "Ningeifanya vizuri ile kazi," na mimi nikasema ndiyo, ungeifanya vizuri, na tukaendelea kupanga. Kabla ya shule kufungwa, Bwana Mutiso alimfuata uwanjani, akazungukia kuliani kwake, akamwambia anaweza kuja kumchora kipindi chake cha hesabu za sehemu, maana watoto wanamtazama tu na haelewi kwa nini.

Mimi nilichorwa tena Novemba. Weupe ulikuwepo bado, ila mfupi zaidi. Watoto waliendelea na zamu yao mpaka siku ya mwisho, na sikuwaambia kwamba najua. Desemba nilitandua kitanda cha Njeri, nikampa binti wa Mama Kamau, na ovaroli nikaifua nikaikunja. Sitaki kusema nilipona. Niliendelea, na kuendelea huko kukawa maisha yangu.

Sasa nafundisha walimu chuoni. Wanafunzi wangu huweka simu mbele ya darasa, na kipindi kikiisha simu yenyewe inawachorea rangi, nadhifu kuliko mkono wa Barasa ulivyowahi kuchora. Wanapenda kujua mara moja kama bluu yao imezidi. Huwaambia watazame kwanza, wasiulize, na wakifika penye weupe nawasihi wasipite haraka. Ukimya hapo unaweza kuwa wa mtoto anayefikiri. Unaweza pia kuwa wa mwalimu ambaye hayupo, na simu haijui tofauti, kwa hiyo lazima mtu aketi na mtu amuulize. Wengine hunielewa. Wengine huona mama huyu ameanza kuzeeka.

Baada ya ibada Kaloleni tulipewa chai na wali kwa ndengu kwenye meza ndefu kando ya ukumbi. Mama Nafula alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kanga imemfunika mabega, watu wakipita kumpa mkono. Aliponiona alivuta kiti cha karibu. Amezeeka, amekuwa mdogo zaidi, lakini mikono yake ilinishika vile vile. Nilimwambia pole, akaipokea. Tukakaa.

"Hujalia," alisema baadaye.

"Bado, Mama."

"Mimi pia bado. Nimechoka tu." Akanisogelea. "Unajua, lile sikio mimi nililijua kabla yenu nyote."

"Ulilijua?"

"Tungelalaje kitanda kimoja nisijue? Siku ile uliyompa ile karatasi alirudi nyumbani akakataa chakula. Akaketi kitandani, viatu bado miguuni. Akaniuliza, 'Mama Nafula, wewe zamani ulikuwa unalala upande wa ukutani. Ulihama lini?' Nikamwambia, zamani. Akauliza, kwa nini ulihama? Nikamwambia, nilichoka kusema kila kitu mara mbili."

"Akasema nini?"

Mama Nafula aliinua ncha ya kanga akajifuta mdomo, na nikaona kwamba alikuwa anajaribu kujizuia.

"Alinitazama na ule urefu wake wote," alisema, "akaniambia, 'Mwanamke, si ungenichora?'"

Kicheko kilinitoka kikubwa kuliko nilivyokusudia, pale pale, mbele ya mchungaji na kwaya na sanduku, na watu wa meza ya pili wakageuka kutazama ni nani.